Tunaidai Nchi Hii kwa Sababu ni Yetu

(Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye kongamano la vijana wa chama mwanzoni mwa Oktoba 2024. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Salamu ndefu nimezipunguza.)



Naanza na sifa za nchi hii. Naona wengine mnakunja uso, mnasema huyu katumwa na nani? Tulieni. Kijana wa upinzani asiyejua nchi yake ina uzuri gani hawezi kueleza anadai nini.

Mimi ni mtoto wa Kasulu, Kigoma. Chuoni nilikaa chumba kimoja na Mchagga, Msukuma na kijana wa Pemba. Tuligombana, ndiyo, lakini ugomvi wetu ulikuwa nani kaacha sufuria bila kuosha na nani kamaliza sukari. Sikumbuki hata siku moja mtu kuambiwa kabila lake kama tusi. Majirani zetu wamezika watu wengi kwa ajili ya kabila: Burundi 1972 na 1993, Rwanda 1994, Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Sisi hapana. Na jambo hili halikuanguka kutoka mbinguni. Lilijengwa kwa Kiswahili, kwa kuwapeleka watoto wa Mtwara kusoma Bukoba na wa Bukoba kusoma Mtwara, kwa JKT, kwa kumhamisha mwalimu na afisa kilimo mikoa yote. TANU walifanya kazi hiyo, Mwalimu Nyerere aliisimamia. Tuseme wazi, hatupungukiwi kitu.

Halafu kuna ukombozi. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. FRELIMO walifanya mazoezi Kongwa. ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Nchi maskini, iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika, ilikubali kugawana kidogo ilichonacho ili watu wa Msumbiji na Afrika Kusini wawe huru. Na wakimbizi ndiyo usiseme. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia kwetu tangu 1972. Nitajieni nchi ya Ulaya iliyofanya hivyo kwa mkupuo mmoja.

Sasa ngoja tuingie kwenye utata wenyewe.

Nchi hiyohiyo iliyopokea wakimbizi wa kila upande, Januari 2001 ilizalisha wakimbizi wake. Wananchi waliandamana Zanzibar kupinga matokeo ya uchaguzi wa 2000, polisi wakafyatua risasi, watu zaidi ya 20 wakafa, na Wapemba kwa mamia wakavuka bahari kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya. Watanzania, wakimbizi! Vijana wengi hapa mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnanyonya, na shuleni hamkufundishwa. Yule rafiki yangu wa Pemba alikuwa halizungumzii hili kabisa. Ukilitaja, anatoka kwenda kuteka maji.

Nirudi kwetu Kigoma. Nimesema tulitoa uraia kwa maelfu, na nasema tena tulifanya vizuri. Ila mimi, ambaye babu yangu na baba wa babu yangu wamezikwa Kasulu, nilipokwenda ofisi moja kushughulikia kitambulisho cha taifa niliulizwa maswali kama mshtakiwa. Babu yako alizaliwa wapi? Nani anamjua? Ongea Kiha tusikie. Sasa hapo pana mtego. Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu. Ukikiongea vizuri sana, eti Mrundi huyu. Ukibabaika, eti siyo mwenyeji. Watu wa mpakani hili mnalijua, naona mnacheka kicheko kile cha uchungu. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, mkopo huupati, ajira ndiyo kabisa.

Utata mwingine ninaoupenda, maana unatugusa hata sisi, ni ule wa mwaka 1991. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza watu: tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi? Karibu watu 80 katika kila 100 walisema tubaki na kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo. Nyerere naye akaunga mkono, akisema hata wale wachache wana haki yao. Kwa hiyo chama chetu, na vyama vyote vya upinzani nchi hii, vipo kwa sababu mtu mmoja alifikiri sauti ya wachache isipuuzwe. Mtu aliyeongoza chama kimoja miaka yote ile! Ambaye serikali yake mwaka 1962 ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi! Mzee yule hakuwa malaika wala hakuwa shetani, na anayetaka kumtumia kama fimbo, awe wa CCM au wa kwetu, asome kwanza pande zote mbili.

Tume ya Nyalali ilipendekeza pia sheria 40 zifutwe au zirekebishwe kwa sababu ni kandamizi. Vyama vingi vikaja 1992. Katiba ikabaki ya 1977, ya chama kimoja, ikatiwa viraka. Ni kama ununue gari la abiria thelathini ulifunge injini ya pikipiki, halafu ushangae mlima unakushinda.

Katiba hiyo, ibara ya 8, inasema mamlaka yote yanatoka kwa wananchi. Safi kabisa. Nenda ibara ya 41: Rais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yoyote inayoruhusiwa kuchunguza. Wakenya mwaka 2017 mahakama yao ilifuta uchaguzi wa Rais. Malawi hivyohivyo, 2020. Hawakupigana vita kwa sababu hiyo, walirudia kupiga kura. Kwetu diwani unaweza kumpeleka mahakamani, mbunge unaweza, Rais huwezi.

Kuna Mtanzania alilipeleka hili Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2020 mahakama ikasema ibara hiyo inakiuka haki. Kama ilivyosema mwaka 2013 katika kesi ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Na hiyo mahakama iko wapi? Iko Arusha! Sisi ndio wenyeji, tumewapa ofisi, tunajivunia. Lakini Novemba 2019 serikali yetu iliondoa ruhusa ya mwananchi na asasi kupeleka kesi pale moja kwa moja. Yaani umejenga kisima uani kwako, majirani wanachota, wanao unawafungia mlango.

Mwaka huu tumepewa sheria mpya, Tume ya Uchaguzi imeongezewa neno "Huru" kwenye jina. Anayeteua mwenyekiti wake bado ni Rais, ambaye ni mwenyekiti wa chama na anaweza kuwa mgombea. Neno limebadilika. Kalamu ya uteuzi iko mkono uleule.

Na kuna amani. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu tunakosea tunapoidharau. Nimesikia vijana wetu wakisema amani ni propaganda. Siyo propaganda. Nimekua nikiwaona watu waliopoteza amani wakipita mbele ya nyumba yetu na magodoro kichwani. Bibi zetu sokoni wakisema wanataka amani wanajua wanachosema, usiwabeze. Tatizo ni kwamba neno hilo sasa linatumika kuwanyamazisha watu wanaouliza maswali ya amani. Mikutano ya hadhara ilizuiwa mwaka 2016 kwa jina la amani, mpaka Januari 2023. Agosti mwaka huu mamia ya vijana waliokuwa wakienda Mbeya kwa ajili ya Siku ya Vijana walikamatwa, kwa jina la amani. Septemba mzee Ali Kibao akashushwa kwenye basi mbele ya abiria, kesho yake mwili wake ukaokotwa Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Tunasubiri majibu. Familia yake ndiyo inasubiri zaidi yetu. Ukiuliza amepelekwa na nani, wewe ndiye unayeambiwa unavuruga amani?

Nasi tujitazame. Tunadai ukomo wa madaraka serikalini, kwenye mabaraza yetu ya wilaya wapo waliokalia viti tangu tukiwa sekondari. Wanawake wakisimama kuongea kwenye vikao vyetu wanapigiwa miluzi. Mtandaoni tunamtukana mtu mama yake, halafu tunamwomba kura. Haya hayakuletwa na tume ya uchaguzi.

Mwisho, jambo la kazi, na hili ndilo nililotaka mtoke nalo. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27 Novemba. Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa makosa madogo ya fomu, vyama vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Safari hii msimamizi bado ni TAMISEMI, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, na tutaendelea kulipinga hilo. Lakini uandikishaji ni tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwenye kitongoji na mtaa wako. Watu wanachanganya. Kule kwetu Kigoma uboreshaji wa daftari la kudumu ulianza Julai, watu wana kadi mpya mfukoni wanadhani wamemaliza. Hawajamaliza! Hili ni daftari lingine, la mkazi, na kadi ile haikuandikishi humu. Lazima uende mwenyewe.

Kila mmoja hapa achukue majina ya watu kumi wa mtaani kwake, awafuate kwa miguu, siyo kwa meseji. Wagombea wetu wajaze fomu mbele ya mtu wa pili anayesoma kila mstari: jina lote, jina la chama kwa kirefu, sahihi, tarehe. Fomu za mfano ziko kwa katibu pale mlangoni, mgawane moja kwa watu wawili, hazitoshi.

Mwenyekiti, nimemaliza. Kama kuna maswali nipo.