Bonde la Rufiji ni Dhamana Yetu Sote



Bonde la Mto Rufiji lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya nchi yetu. Mito ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu ndiyo iulishayo Mto Rufiji. Maji ya Ruaha hunywesha kwanza mpunga wa Usangu, kisha huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Na huko chini limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Hata hivyo, tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Si haki kuitwika mvua lawama yote. Mifereji mingi ya Usangu iliendelea kuchota maji hata baada ya mavuno, na ardhi oevu ya Ihefu, iliyo mtungi wa kiangazi, ikapungua. Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha mzigo huo: joto likipanda, maji mengi zaidi hupotea kwa mvuke, na mvua zikija kwa mkupuo huleta mafuriko, kama yale yaliyoikumba Rufiji mwaka 2024.

Yatupasa tufanye nini? Afisa atoaye kibali cha maji apime mto wa kiangazi, si wa masika. Mkulima aufunge mfereji asipouhitaji. Mwalimu awafundishe watoto kwamba mpunga wa Mbarali na taa ya Dar es Salaam hutegemea maji yale yale. Mtoni, kila aliye juu ana jirani yake chini.