Hesabu ya Gridi Isiisahau Kariakoo



Usiku wa manane wa tarehe 1 Aprili 2024 ilitokea hitilafu katika Gridi ya Taifa, na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Wananchi wengi waliuliza: yawezekanaje kosa la mahali pamoja kuzima mikoa mingi?

Jibu hupita mbele ya macho yetu kila siku katika Mtaa wa Msimbazi. Wachukuzi wanne wanaposukuma mkokoteni wa magunia, wote huenda mwendo mmoja. Mmoja akiteleza, mzigo haupungui. Huwaelemea watatu waliobaki. Wasipoongeza nguvu upesi, nao hushindwa mmoja baada ya mwingine. Ndivyo ilivyo mitambo ya Kidatu, Kihansi, Kinyerezi na Bwawa la Julius Nyerere: yote imefungamana katika mwendo wa mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde.

Wahandisi hawawezi kutia katika hesabu kila waya na kila swichi nchini. Kwa hiyo hutumia kielelezo chepesi. Mitambo ya kituo kimoja huhesabiwa kuwa gurudumu moja zito. Njia ya umeme huwa kama kamba ya mpira inayounganisha magurudumu. Na mtaa mzima huwa nukta moja ya mzigo. Kisha huuliza: mtambo mmoja ukizimika ghafla, magurudumu yatayumba na kutulia, au yataachana?

Kurahisisha huko si kosa. Mwalimu naye huchora dunia kwa duara ubaoni. Kosa ni kusahau kilichoachwa.

Mwaka 1975 jengo la soko la Kariakoo lilifunguliwa, na mwaka huo huo Kidatu ikaanza kufua umeme. Wakati ule nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa za chini. Leo ni maghorofa yenye lifti, majokofu na viyoyozi. Tofauti hiyo ni kubwa katika hesabu. Nguvu ya umeme ikishuka, taa ya kawaida ya zamani hufifia na kupunguza mzigo wake. Mota ya kiyoyozi haifanyi hivyo: hung'ang'ania, huvuta mkondo mkubwa zaidi, na kuzidi kuiangusha gridi iliyokwisha kuyumba. Kielelezo kinachoichukulia Kariakoo kuwa rundo la taa kitatuambia tu salama, kumbe hatupo.

Tena, kila mtambo katika yale tisa ya Bwawa la Julius Nyerere una megawati 235. Mwaka 2024 mahitaji ya juu kabisa ya gridi yalikuwa chini ya megawati 2,000. Maana yake mtambo mmoja ulioshiba, ukizimika, huondoka na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu za nchi. Na usiku, matumizi yanapopungua, sehemu hiyo huwa kubwa zaidi.

Ndugu zangu, taarifa ya mpango wa umeme ikifika mezani, tusitie saini kwa sababu tu ina tarakimu nyingi. Tuulize: mzigo wa mitaa ulipimwa lini? Kitu gani kimeachwa? Na gridi ikielemewa, nani atazimwa kwanza ili wengine wapone: duka, kiwanda, au hospitali? Swali hilo la mwisho haliwahusu wahandisi peke yao. Linatuhusu sisi sote tuliokabidhiwa dhamana ya wananchi.