Faragha katika Mtandao wa Pamoja ni Amana

(Nasaha iliyotolewa kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa madrasa baada ya swala ya Alasiri)



Shukrani zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, walimu wenzangu na vijana. Tangu kamati ilipofunga waifai katika jengo hili, mzee wangu mmoja wa kamati ameniuliza: "Ustadh, sisi wenye ruta tunaweza kuona vijana wanafungua nini?" Nilimwomba muda, kwani swali lake ni maswali mawili: Je, tunaweza? Na je, inatupasa? Leo nitayajibu yote mawili, inshaAllah.

Nianze na tukio la nilipokuwa masomoni Sudan. Bweni letu lilikuwa na mtandao mmoja usio na neno la siri. Oktoba 2010, mtaalamu wa Kimarekani, Eric Butler, alitoa Firesheep, programu ndogo ya kuongezwa katika kivinjari cha Firefox, ili kudhihirisha udhaifu uliokuwa ukipuuzwa. Wakati ule tovuti nyingi zilificha neno la siri pale tu mtu alipoingia. Baada ya hapo kurasa zilisafiri hewani zikiwa wazi, pamoja na kidakuzi, yaani alama inayoijulisha tovuti kwamba wewe umekwishaingia. Aliyeinasa alama hiyo aliingia katika akaunti yako bila kulijua neno lako la siri.

Mwenzetu mmoja aliipakua kwa mzaha. Usiku mmoja akasoma mbele ya watu ujumbe wa mwanafunzi mwingine na mchumba wake. Watu wakacheka. Mwenye ujumbe alihama bweni wiki ile ile, na hakutusalimia tena hadi tunahitimu. Nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na jambo hilo linanisuta hadi leo.

Ndugu zangu, hali imebadilika. Tovuti nyingi sasa zinatumia HTTPS, mfumo unaoyafumba mazungumzo baina ya simu yako na tovuti. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti vya mfumo huo bila malipo. WhatsApp nayo ilikamilisha kuufumba ujumbe wa watumiaji wake mwaka 2016. Hivyo mwenye ruta kwa kawaida hasomi ulichoandika. Lakini anaweza kuona jina la tovuti uliyoifungua, saa uliyoifungua na wingi wa data uliyotumia. Kijana akifungua tovuti ya ushauri wa maradhi, au mama akitafuta msaada wa kisheria juu ya ndoa yake, jina la tovuti peke yake laweza kutoboa siri. Basi jibu la swali la kwanza ni: ndiyo, kwa sehemu tunaweza.

Kwa hiyo nawausia watumiaji mambo matano.

Kwanza, hakikisha jina la mtandao kabla ya kujiunga. Mtu aweza kurusha mtandao wa bandia wenye jina lile lile. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimfungulia mtu mashtaka ya kufanya hivyo katika viwanja vya ndege.

Pili, kivinjari kikikuonya kwamba tovuti si salama, usilazimishe kuendelea. Na ujue kuwa HTTPS inalinda njia tu. Haithibitishi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu.

Tatu, kuvinjari kwa faragha katika kivinjari hufuta kumbukumbu ndani ya simu yako tu. Hakumfichi mtumiaji machoni pa mwenye mtandao.

Nne, mambo ya benki na fedha yafanye kwa data ya simu yako.

Tano, VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu. Inamhamishia amana mwenye VPN. Onavo Protect, programu ya VPN iliyomilikiwa na Facebook, iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018 kwa sababu ilikuwa ikikusanya habari za programu nyingine walizotumia watu. Tena hapa Tanzania, Oktoba 2023, TCRA ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN wazisajili. Fuateni utaratibu.

Sasa swali la pili: je, inatupasa? Dini yetu imetufunza kubisha hodi na kuomba idhini. Mtume (s.a.w.) alikemea vikali kuchungulia nyumba ya mtu kabla ya idhini, na Suratul Hujuraat imekataza kupelelezana. Ruta nayo ni dirisha. Kuwa mmiliki wa ukuta hakukupi ruhusa ya kuchungulia waliomo ndani.

Mzee wangu, najua khofu yako. Ni khofu ya mlezi, nami ninayo. Lakini kuzuia uchafu ni jambo moja, na kupeleleza watu ni jingine. Napendekeza tufunge tovuti za uchafu kwa wote, tena kwa uwazi, na tubandike tangazo mlangoni. Tusihifadhi orodha ya nani kafungua nini. Tuweke neno la siri, tutenganishe mtandao wa wageni na wa ofisi, na tukipata ruta mpya iwe na ulinzi wa WPA3, uliotangazwa mwaka 2018. Kwa ulinzi wa zamani wa WPA2, mwenye ujuzi anayelijua neno la siri la pamoja anaweza kuyafumbua mawasiliano ya mwenzake. Na sheria ya nchi pia inatuwajibisha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mwenye taarifa ajue kinachokusanywa na kwa nini.

Kijana anayejua kuwa anachunguzwa kwa siri atakwenda kwenye mtandao mwingine, nasi tutakuwa tumempoteza yeye pamoja na imani yake kwetu. Anayeaminiwa akiteleza, atakuja kutuuliza.

Tumuombe Allah (s.w.) atusitiri, na atujaalie kuwa wenye kuwasitiri wenzetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.