Uyoga wa Porini na Sisi Watu wa Kuhamishwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mvua zinyeshapo katika nchi ya miombo, kama Tabora na Songea, uyoga huota kwa wingi, nao ni kitoweo kizuri. Sisemi tusile. Nasema juu ya jambo linalotuhusu sisi makarani hasa, kwa kuwa tu watu wa kuhamishwa.

Mama wa kijijini aujua uyoga wa msitu wake kwa jina, kwa mti uotapo karibu, na kwa majira yake. Elimu hiyo aliipokea kwa mama yake. Walakini elimu hiyo haipandi gari la moshi pamoja nasi. Karani atokaye Songea, akifika mahali pageni, aona uyoga mweupe uliofanana na wa kwao, auchuma. Kumbe ni mwingine kabisa. Yampasa kuwauliza wenyeji, nao wakisitasita, auache.

Wako watiao sarafu ya fedha chunguni, wakingoja kuona kama itageuka nyeusi. Wengine husema, uyoga ulioliwa na konokono ni salama. Yote hayo ni uongo. Wala moto hauondoi sumu ya Amanita zile zinazoua. Hata zikikaushwa, sumu imo. Uyoga huo una kikombe chini ya shina, nacho hufichwa na udongo, basi akataye kwa kisu juu ya ardhi hakioni. Na dalili hiyo peke yake haitoshi, maana miombo ina Amanita nyingine zenye kikombe, nazo zaliwa tangu zamani.

Hila yake ni hii. Mtu hula jioni, asiumwe kwa muda wa saa 6, au 12, au zaidi; ndipo hutapika na kuhara sana. Kisha hupata nafuu, akarudi afisini akidhani amepona, na kumbe ini lake laharibika. Baada ya siku chache aweza kufa. Kwa hiyo aliyekula uyoga wa porini akatapika, apelekwe hospitali upesi, hata akiwa amepata nafuu, pamoja na wote waliokula naye, hata wasioumwa. Na uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa, usitupwe. Uchukuliwe umefungwa katika karatasi, daktari apate kuuona.

Bwana Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.