Pato la wastani haliliwi: Guinea ya Ikweta na Norway



Kila tukidai maisha bora tunajibiwa kwamba pato la wastani limepanda. Sawa. Twendeni Guinea ya Ikweta. Mafuta yalianza kutoka kwa wingi miaka ya 1990, na kwa pato la wastani nchi ile ikawa miongoni mwa za juu kabisa Afrika. Lakini wastani hauliwi, jamani! Wengi kule bado wanahangaika na maji safi. Rais ni yule yule tangu 1979, na makamu wake ni mwanawe. Mwaka 2017 mahakama ya Paris ilimtia hatiani huyo mwana kwa kutakatisha fedha za umma: jumba Avenue Foch, magari ya kifahari, usiseme.

Norway waligundua mafuta yao 1969. Tusidanganyane, walishakuwa na shule na mahakama huru kabla ya tone la kwanza. Ndiyo hoja yangu hasa. Mwaka 1990 bunge lao likatunga sheria ya mfuko wa mafuta, na leo yeyote mwenye simu anaweza kuona umewekeza kampuni gani, kiasi gani.

Sisi je? Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliuliza gesi itawafaidi vipi, wakapelekewa jeshi. Sheria ya uwazi ya 2015 inamtaka waziri aweke mikataba hadharani. Kwa hiyo mkataba wa gesi ya Lindi ukisainiwa, msianze kubishana asilimia. Ulizeni kwanza: uko wapi, tuusome?