Lancia Stratos na Njia za Afrika ya Mashariki

Leo nataka kuwaeleza habari za motakaa moja ya mashindano iliyoundwa Italia, Lancia Stratos, na jinsi njia za Afrika ya Mashariki zilivyoipima.

Kila nahodha wa ngalawa ajua ya kuwa mzigo ukiwekwa omoni, chombo huwa kizito kugeuka. Ukiwekwa katikati, hutii usukani upesi. Mafundi wa Lancia walifuata kanuni hiyo hiyo. Injini, nayo ni ya Ferrari, yenye silinda sita na ujazo wa lita 2.4, hawakuiweka mbele kama ilivyozoeleka, bali nyuma ya kiti cha dereva, karibu na magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo uzito uliyakandamiza magurudumu yale yanayosukuma, yakaishika ardhi barabara. Tena, baina ya gurudumu la mbele na la nyuma walipunguza hata ikabaki milimita 2180 tu, na uzito wote haukufika kilo 1000. Kwa ufundi huo Lancia ilipata ubingwa wa dunia wa waundaji mwaka 1974, 1975 na 1976.

Walakini kila sifa ina gharama yake. Chombo chepesi kugeuka ni chepesi pia kupotoka. Na kikiwa kifupi, hurukaruka sana penye mashimo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa ni maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na matope. Mwaka 1975 Sandro Munari alikuwa wa pili kwa Stratos. Aliyeshinda ni Ove Andersson kwa Peugeot 504, motakaa ya kawaida ya kuchukulia watu. Mwaka 1976 akashinda Joginder Singh wa Kenya kwa Mitsubishi Lancer. Stratos haikushinda Safari hata mara moja. Lancia ilingoja hata mwaka 1988, Miki Biasion alipoleta Delta Integrale, ambayo injini yake huzungusha magurudumu yote manne.

Basi, enyi vijana mtakao ufundi, msidhani ya kuwa waliounda Stratos walikuwa wajinga. Waliijua kazi yao. Lakini hapana chombo kilicho bora kwa kila njia. Kabla ya kushika tezo au nyundo, ulizeni kwanza: chombo hiki kitapita wapi, nacho kitachukua nini? Ajibuye vema swali hilo amekwisha fanya nusu ya kazi.