Kokoto Mikononi mwa Wanafunzi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia masikio, macho na nyoyo ili tupate kujua. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Amma baadu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Ninakuusieni, nami naiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, na tukumbuke kwamba watoto wetu ni amana tutakayoulizwa.

Ndugu Waislamu, mnajua kuwa imamu anapohutubu haturuhusiwi kusema, hata kumwambia jirani anyamaze. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha jambo dogo kuliko hilo: kwamba mwenye kuchezea kokoto wakati wa hotuba amefanya la upuuzi. Zama zile sakafu ya msikiti wa Madina ilikuwa ya mchanga na kokoto, na mkono wa mtu ni mwepesi kuokota kilicho karibu. Kokoto si najisi, wala kuishika nje ya hotuba si kosa. Kwa nini basi ikakemewa? Kwa sababu mkono ukishughulika, moyo huufuata; na moyo ukishaondoka, masikio hubaki kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Kokoto ya zama zetu ni simu. Shule nyingi za nchi zetu zimewakataza wanafunzi kuja nayo. Lakini vyuoni imo mikononi, na nyumbani usiku imelazwa kando ya daftari. Kijana hufungua kitabu cha hesabu. Hajamaliza mstari wa pili, simu yatikisika. Huitazama mara moja tu, kama asemavyo. Akirudi kitabuni, uzi wa fikira umekwisha katika. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 imeeleza kuwa mwanafunzi akishapotezwa hivyo, huenda zikampita hata dakika 20 kabla hajarejea barabara katika somo lake. Kipindi cha dakika 40 kikikatwa mara mbili, kimebaki nini?

Wala madhara hayaishii kwa mwenye simu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, wataalamu nchini Kanada waliwaketisha wanafunzi wasikilize mhadhara kisha wakawapa mtihani. Walioshughulika na mambo mengine katika kompyuta zao walipata alama chache. Na waliokaa nyuma yao, wakiandika kwa kalamu na karatasi, wakaviona vioo vile vikimetameta mbele yao, nao pia alama zao zilipungua. Basi jueni kwamba kumpotezea jirani elimu yake ni kumdhulumu haki yake.

Tena anayedhurika zaidi ni mnyonge. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Economics walitoa matokeo ya shule 91 za Uingereza. Simu zilipokatazwa, waliopanda zaidi ni wale waliokuwa nyuma katika masomo, hodari hawakubadilika. Hata hivyo, utafiti kama huo nchini Sweden, uliotolewa mwaka 2020, haukuiona faida hiyo. Tujifunze kutokana na hayo mawili kwamba katazo peke yake halitoshi. Katazo huuzuia mkono. Malezi ndiyo huurudisha moyo.

Ndugu zangu, kumbukeni jinsi Jibrili (A.S.) alivyomjia Mtume (S.A.W.) kwa sura ya mtu. Aliketi mbele yake, akaegemeza magoti yake kwenye magoti ya Mtume, akaweka viganja juu ya mapaja, kisha ndipo akauliza juu ya Uislamu, Imani na Ihsani. Mikono mitupu, uso umeelekea, swali moja baada ya jingine. Hiyo ndiyo adabu ya mwenye kutafuta elimu.

Hatusemi kuwa simu ni haramu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya maradhi, wako watoto waliofikiwa na masomo kwa redio na kwa simu. Chombo ni chombo. Ubaya ni kukitumia mahali pasipo pake na wakati usio wake.

Lakini nani atawafunza watoto hayo? Nami nakiri mbele yenu. Usiku mmoja mwanangu alikuja kunisomea sura aliyohifadhi. Simu yangu ikalia, nikaitazama. Nilipoinua uso, mtoto alikuwa amefunga msahafu. Akaniambia, "Baba, nitakusomea kesho." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma, kwani alikwisha kunizoea. Mimi ndiye niliyechezea kokoto.

Basi kuanzia leo, enyi wazazi, wekeni saa moja ya jioni ambayo simu zote za nyumba, za wakubwa kwanza, zitawekwa mbali, na mtoto asome mbele ya mtu anayemsikiliza. Enyi vijana, ingieni darasani na madrasani kwa mikono mitupu. Nanyi walimu, muwe wa kwanza kuiweka yenu mkobani.

Ewe Mola wetu, zikusanye nyoyo zetu zilizotawanyika, utuzidishie elimu yenye manufaa, na uwaongoze watoto wetu. Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.